“The” imekosekana au imezidi? Kutafuta kosa kwa kufuata dalili

Chukua ukurasa mmoja wa Kiingereza ulioandika mwenyewe, wenye maneno 300 hivi, uhesabu “the” zilizomo. Katika Brown Corpus, mkusanyiko wa maandishi ya Kiingereza yaliyochapishwa Marekani mwaka 1961, wenye maneno yanayozidi kidogo milioni moja, “the” imetokea mara 69,971. Hiyo ni karibu 7 kwa kila maneno 100, na hakuna neno jingine linaloikaribia. Kwa hiyo barua ya ofisi au insha ya maneno 300 ikiwa na “the” kati ya 12 na 21, hesabu hiyo haina la kutisha. Ukikuta 4, unazimeza. Ukikuta 35, unazimwaga kama chumvi. Ujumbe kwa rafiki, uliojaa “I” na “you”, huwa na chache zaidi, kwa hiyo usiupime hivi.

Makosa haya mawili yana asili tofauti. Kiswahili hakina neno la kazi hii, basi aliyekulia Tanga au Malindi akiandika kwa haraka huiruka. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa, tuseme Bukavu au Bujumbura, mara nyingi huelekea upande wa pili: Kifaransa husema “la vie” na “le riz” hata pale maisha au mchele unaotajwa ni wa jumla, naye akivuka kwenda Kiingereza anabeba desturi hiyo na kuandika “the life is hard”. Wapo pia waliosahihishwa sana shuleni hadi wakaanza kuiweka kila mahali kwa kujihami. Jua kwanza uko upande upi, ndipo usome dalili zinazokuhusu.

Kabla ya dalili zote: mfikirie msikilizaji

Shuleni tunaambiwa “the” ni ya kitu mahususi. Maelezo hayo yamepotosha wengi. Simu niliyonunua jana ni mahususi kabisa, naijua hadi mkwaruzo wake, lakini nikikueleza habari zake kwa mara ya kwanza nitasema “I bought a phone”. Kinachoamua ni kama anayenisikiliza anaweza kujua ni ipi bila kuniuliza “ipi?” Akiweza, weka “the”. Asipoweza, weka “a” au “an” kwa umoja, na uache neno tupu kwa wingi.

Kazi hii Mswahili huifanya kila siku kwa njia nyingine. Linganisha “nimenunua kitabu” na “nimekinunua kitabu”. Ile -ki- ya sentensi ya pili inadai kwamba tunakijua kitabu chenyewe. Kwa Kiingereza ni “I bought the book”. Sentensi ya kwanza ni “I bought a book”. Vivyo hivyo kwenye hadithi: “palikuwa na mzee mmoja”, kisha “yule mzee akaondoka”. Hiyo “mmoja” ndiyo “a”, na “yule” inayotangulia nomino ndiyo “the”. Ulinganisho huu si wa kubahatisha, kwani “the” yenyewe ilizaliwa na kionyeshi cha Kiingereza cha kale, ukoo mmoja na “that”.

Kipimo cha kiambishi kina kasoro moja. Kwa watu na wanyama, Kiswahili hulazimisha kiambishi hata kama anayetajwa hajulikani: “nimemwona mtu mlangoni” ni “I saw a man at the door”. Kwa viumbe hai, pima kwa “yule” au “huyo”, usipime kwa -m-.

Dalili: “I bought a fish. Fish was rotten.”

Kitu kimetajwa mara ya pili na “the” haipo. Sababu ni kwamba kwa Kiswahili “samaki alikuwa ameoza” inatosha. Msikilizaji anaunganisha mwenyewe. Kiingereza hakimwachii kazi hiyo: “The fish was rotten.” Hapa hakuna mjadala, na wengi hulirekebisha wakionyeshwa mara moja tu.

Linalosumbua zaidi ni ndugu yake: “We took a taxi, but driver did not know road.” Dereva hajawahi kutajwa, barabara pia, hata hivyo zote zinataka “the”. Teksi ikishatajwa, dereva wake ameingia kwenye mazungumzo pamoja nayo, na ni mmoja. Ukitaja harusi, umekwisha kutaja “the bride”, “the groom”, “the guests” na “the food”. Ukitaja msikiti, una “the imam” na “the minaret”. Ukitaja nyumba, una “the roof” na “the kitchen”, lakini dirisha moja kati ya mengi ni “a window”, kama ambavyo mgeni mmoja aliyezimia harusini ni “a guest”.

Njia fupi ya kulikamata kosa hili: sema sentensi kwa Kiswahili na uongeze “-ake”. Ikikubali “dereva wake”, “paa lake”, “bei yake”, na kitu hicho ni kimoja, Kiingereza kitataka “the”. Kwa uzoefu wa kusahihisha maandishi, kipimo hiki kidogo hurudisha “the” nyingi zaidi kuliko kanuni yoyote ya vitabuni.

Dalili: unaanza kwa “the” na msomaji anauliza “who?”

“Yesterday the man came to our office.” Msomaji anarudi nyuma kumtafuta huyo mtu, hamwoni. Ulimfikiria wewe, yeye hakuletewa. Andika “a man”. Kosa hili hujificha sana kwenye aya ya kwanza ya barua za malalamiko, kwa sababu mwandishi ameliishi jambo lake kwa wiki nzima na kusahau kwamba anayefungua barua ndiyo kwanza anakutana nalo.

Dalili: “The life is hard”, “The sugar is bad for the teeth”, “I like the music”

Hapa “the” imezidi. Jaribu kuongeza “kwa jumla” au “popote ilipo”. Ikikaa sawa, iondoe: “Life is hard”, “Sugar is bad for your teeth”, “I like music”. Ikikataa, iache: “The sugar is in the cupboard” ni sukari ile ya nyumbani kwetu, na “I like the music” inafaa ukumbini wakati bendi inapiga.

Angalia kihusishi kinachofuata nomino. “Of” huvuta “the” kwa nguvu: “the life of a fisherman”, “the history of Zanzibar”, “the price of maize”. “In” haivuti kwa kiasi hicho: “life in Lamu”, “education in Tanzania”. Lakini usigeuze “of” kuwa amri, maana “a cup of tea” na “a map of Kenya” zipo na ni sahihi. Vikombe na ramani ni vingi, bei ya mahindi sokoni leo ni moja.

Majina ya wanyama na vyombo yana mtego wake. “Elephants eat grass” ni tembo wote. “The elephant is the largest land animal” ni spishi nzima, na muundo huu wa umoja wenye “the” ni wa vitabu vya sayansi. “The elephants” kwa wingi humaanisha tembo wale tuliowaona. Na “Elephant is a big animal” haipo kabisa, kwa sababu hii: nomino ya Kiingereza inayohesabika, ikiwa katika umoja, haisimami uchi. Lazima ivae kitu: a, the, my, this, every, one. Ukikosa muda wa kujifunza chochote kingine, pitia maandishi yako ukitafuta nomino za umoja zilizo uchi tu. Vighairi vipo, na tutavikuta kwenye shule na hospitali, lakini ni vichache.

Kwa haraka, vilivyobaki kwenye kundi hili: lugha haitaki “the” (“I speak Swahili”, ingawa “the Swahili language”), ukisema “the Swahili” au “the English” umewataja watu, Waswahili na Waingereza. Milo ya siku ni tupu: “after breakfast”. Malaria, cholera na typhoid ni tupu, ila ni “a headache”, “a cold”, na kwa kawaida “the flu”. Michezo ni mitupu, “play football”. Ala za muziki kwa desturi huchukua “the”: “play the guitar”.

Dalili: “Majority of people…”, “Most of students…”, “I have same problem”

Hili ni kosa la Afrika Mashariki kwelikweli, na utalikuta hata kwenye hotuba za wakubwa. Yametatizwa pamoja mambo matatu.

“Majority” ni nomino inayohesabika, nayo kama tulivyosema haisimami uchi: “The majority of Kenyans”. “Most” haina shida hiyo, lakini ina yake. Ama unasema “most students”, bila “of”, ukimaanisha wanafunzi kwa jumla. Ama “most of the students”, ukimaanisha kundi tunalolijua. “Most of students” imekamata nusu ya kila muundo, na mzizi wake ni “wengi wa wanafunzi”. Kanuni hiyohiyo inatawala “some of”, “many of”, “all of” na “half of”: baada ya “of” hizo lazima pawe na the, these, my, au kiwakilishi kama “them”.

“Same” hukaa na “the” karibu daima: “I have the same problem.” Maneno yanayochagua kimoja tu katika kundi yana tabia hiyo, kwa mantiki ileile ya msikilizaji kujua ni ipi: “the first woman to hold the post”, “the best player”, “the only doctor in the village”. Kuwa mwangalifu na hiyo ya mwisho. Ukiandika “He is only a doctor in the village” umemshusha hadhi: yeye ni daktari tu. “The” moja imebeba tofauti kati ya sifa na dharau.

“At end of month” ni sehemu ya ugonjwa huu. Mwisho wa mwezi ni mmoja, na mwezi tunaujua: “at the end of the month”, “the” mbili. Lakini “next week” na “last month” zikihesabiwa kuanzia leo ni tupu. “The next week” ni wiki iliyofuata baada ya jambo fulani la kwenye hadithi.

Dalili: “that my brother”, “this my phone”

Kwa Kiswahili ni halali kusema “yule ndugu yangu” na “simu yangu hii”. Mbele ya nomino ya Kiingereza kuna kiti kimoja tu, na wanaokigombea ni the, a, this, that, my, your, every. Akikaa mmoja, wengine wanasimama. Kwa hiyo ama “my brother”, ama “that brother”, na ukitaka vyote viwili, peleka umiliki nyuma: “that brother of mine”.

Kwa wenye “’s”, uliza “the” ni ya nani. Katika “the teacher’s car”, “the” ni ya mwalimu, na gari limepata mwenyewe tayari. Ndiyo maana “the Juma’s car” inagoma: Juma ni jina la mtu, halichukui “the”.

Dalili: hujui kama ni “in hospital” au “in the hospital”

School, church, prison, court na bed huachwa tupu mtu anapokwenda kwa shughuli ya mahali penyewe. Mwanafunzi yuko “at school”, mfungwa yuko “in prison”, muumini amekwenda “to church”. Mzazi aliyekwenda kulipa ada amekwenda “to the school”, na fundi wa bomba amekwenda “to the prison”. “Hospital” inafuata hivyo kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofundishwa Kenya, Uganda na Tanzania. Wamarekani husema “in the hospital” hata kwa mgonjwa. Chagua mtindo mmoja ushikamane nao ndani ya maandishi hayo.

Usilitanue kundi hili kwa kubuni. Market, bank, clinic, post office na mosque hubaki na “the”: “She went to the market.” “Home” haitaki “the” wala “to”: “I went home.” Usafiri ukiwa na “by” ni mtupu, “by bus”, “by ferry”, lakini ukiwa ndani ni “on the bus”. Nyakati hazina mantiki, zikariri: “in the morning”, “in the afternoon”, “in the evening”, kisha ghafla “at night”.

Dalili: majina ya mahali

Nchi yenye jina lake tu haichukui “the”: Kenya, Oman, Uganda. Jina likiwa na neno la kawaida ndani yake kama republic, kingdom, union au states, au likiwa la wingi, huchukua: “the United Republic of Tanzania”, “the United Kingdom”, “the United Arab Emirates”, “the Comoros”, “the Netherlands”. Congo ina “the” mbili katika jina kamili, “the Democratic Republic of the Congo”, kwa kuwa jina la nchi limetoka kwenye mto, na mito yote huchukua “the”. Gambia pia ni nchi iliyopewa jina la mto, na serikali yake huandika “The Gambia”. Mji wa mahakama ya kimataifa ni “The Hague”, kwa T kubwa, kwani hapo neno hilo ni sehemu ya jina.

Majini: “the Nile”, “the Rufiji”, “the Indian Ocean”, “the Red Sea”, “the Gulf of Oman”, lakini ziwa ni tupu, “Lake Tanganyika”. Milimani: kilele kimoja ni kitupu, “Mount Kenya”, safu ni “the Usambara Mountains”, “the Rwenzori Mountains”. Visiwani: Pemba na Mafia ni vitupu. Barabara na viwanja vya ndege vyenye jina ni vitupu: “Moi Avenue”, “Julius Nyerere International Airport”. Chuo kikitanguliza “University of” huchukua, “the University of Dar es Salaam”. Kikimalizia nayo hakichukui, “Makerere University”.

Vifupisho vya mashirika ya umma, sikiliza unavyovitamka. Vikisomwa herufi moja moja kwa kawaida huchukua “the”: “the UN”, “the ICC”, “the EAC”. Vikisomwa kama neno havichukui: UNESCO, UNICEF, SADC. Vya kampuni na vyuo, kama IBM na MIT, havichukui hata vikisomwa kwa herufi.

Dalili: umeandika sawa, unaposoma inasikika vibaya

Waswahili hawana sababu ya kusema “za” au “da”. Sauti ya kwanza ya “the” ni dh ya dhahabu. Mbele ya konsonanti irabu hufifia. Mbele ya irabu husikika kama “dhi”. Fuata sauti, usifuate maandishi: “the university” huanza kwa y, kwa hiyo inafifia, na “the hour” huanza kwa irabu, kwa hiyo ni “dhi”. “The MP” ni “dhi em-pi”.

Onyo moja kabla ya mfano: usijifunze “the” kwenye vichwa vya habari, mabango wala ujumbe wa simu. “Minister opens bridge” ni sahihi kama kichwa cha gazeti, na ni kosa kila mahali pengine.

Barua yenye homa

> I am writing to inform you that water pump at our school has broken. Majority of students now fetch water from Pangani River, which is near the Korogwe. The water is the life. We called technician last week and technician said that motor is burnt out. We request assistance before end of month.

Anza na nomino za umoja zilizo uchi: pump, majority, technician mara mbili, motor, end, month. “Technician” wa kwanza hajulikani kwa msomaji, ni “a technician”. Wa pili ni “the technician”. “Motor” haijatajwa, lakini ni mota yake hiyo pampu, basi “the motor”. “Majority” na “end of month” umekwisha kuziona. Kisha majina: mto unataka, mji haukutaka. Mwisho yale ya jumla: “water” na “life” zivuliwe.

> I am writing to inform you that the water pump at our school has broken. The majority of students now fetch water from the Pangani River, which is near Korogwe. Water is life. We called a technician last week and the technician said that the motor is burnt out. We request assistance before the end of the month.

Iliyobaki ya kuamua ni “the” ya sentensi ya kwanza, na kanuni haiwezi kukuamulia. Hapo imewekwa kwa kudhani shule ina pampu moja. Ikiwa zipo tatu, na afisa anayepokea barua anazijua, swali lake la kwanza litakuwa “ipi?” Mwandikie “one of the water pumps at our school”.